Tandika na Tandua

Ndegwa, mkubwa wetu pale ofisini Ruiru, alichoka na Kiingereza. Tulikuwa tukiandika programu ya zahanati moja ya Thika, akaamua majaribio yake, yale ya kuihakiki kama inafanya kazi sawasawa, yaongee Kiswahili. Kabla ya kila jaribio huandaliwa wagonjwa wa kubuni, likiisha, wanafutwa. Maandalizi akayaita tandika, ufutaji akauita tandua, kama kitanda. Tukampigia makofi, wasomi wazima!

Tandika tuliiendesha wenyewe. Tandua tuliiachia mashine iiendeshe, nayo mashine hulijua jina la Kiingereza tu. Haikulalamika, iliipita kimya, na majaribio yote yakaonyesha kijani, rangi ya kufaulu.

Aliyegundua ni Mourine Auma, jirani yangu wa meza. Asubuhi moja alirudisha jina la Kiingereza, akayaendesha majaribio upya. Moja likawa jekundu. Mwenye mzio wa penisilini akiandikiwa tembe, onyo lilitokea. Akiandikiwa sindano, hakuna. Siku zote jaribio la sindano lilikuta onyo lililoachwa na la tembe, likaridhika. Ndiyo shida ya kupikia sufuria isiyooshwa: unaonja chumvi ya jana, unasema mchuzi umekolea.

"Ndegwa, hii kitu iko live, zahanati wanaitumia," Mourine akasema.

"Tuta-fix kesho. Leo tuko na wageni."

"Mamangu ameenda huko leo! Hawezi penisilini!"

Sote tulijua habari za Perez, mamake, wa mtaa wa Kiandutu, Thika. Sindano moja iliwahi kukaribia kumuua, akaapa hataonana tena na daktari. Mourine ndiye aliyembembeleza wiki nzima juu ya kidonda cha mguu: "Mama, enda tu, kompyuta yetu itawakumbusha."

Akapigia zahanati. Aliiweka simu kwenye spika. Muuguzi aliyepokea, Nyawira, tulimfahamu; sisi ndio tuliomfunza kutumia programu.

"Mourine, ni mamako?" Alikuwa akilia. "Aliniambia hapatani na hiyo dawa. Nikamwambia, mum, ingekuwa mbaya kompyuta ingesema. Hata nikamwonyesha screen, ndio akakubali. Tumejaribu kila kitu. Ametuacha."

Mourine akakaa sakafuni. Ndegwa akaanza kueleza kwamba kosa ni la jina tu, herufi chache, nikamwambia afunge mdomo. Nilimchukia. Kisha nikakaa chini karibu na Mourine.