Uso Chini ya Masizi

Picha ya Bikira Maria ya kanisa la kijijini kwao ilikuwa imefukizwa na mishumaa hadi uso ukawa mweusi tii. Nieves Huallpa alikua bila mama wala picha ya mama, na Bikira huyo ndiye aliyekuwa akimlilia utotoni. Sasa alikuwa fundi wa kukarabati picha za kale katika mji wa Cusco, na kazi hiyo aliiomba mwenyewe. Baba yake, mzee Saturnino, alikuwa ameahidi kushuka mjini kuiona kabla ya sikukuu.

Jumatatu aliyatoa masizi kwa kijiti cha pamba na mate yake mwenyewe, maana mate ndiyo dawa ya kazi hiyo. Ukatokea uso wa ajabu: nyusi nene zilizokutana, mashavu mekundu yaliyobabuliwa na baridi ya mlimani. Nieves alicheka mpaka akashika mbavu.

"Eulogio, njoo umwone Bikira katoka kuvuna viazi!"

"Huyo kachorwa juu ya yule wa asili na mpaka rangi wa kuta," mwenzake wa kazi akasema. "Nyusi zenyewe kama zako."

"Nitakuzaba kofi!"

"Mpige picha kwanza, ndipo umfute."

"Nipige picha takataka? Sikukuu hiyo imefika, bwana."

Kufikia Alhamisi rangi yote ile ilikuwa imetoka. Bikira wa kale akamtazama, mpole, mzuri kweli, na Nieves akajiona fundi hasa.

Ijumaa mzee akaingia, kofia mkononi, na furushi la mahindi ya kuchemsha. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Bikira, baba. Yule wa asili. Kuna mtu alikuwa amemharibu."

"Na mama yako umemweka wapi?"

Nieves alidhani ni uzee. Mzee akatafuta kiti.

"Mshumaa uliuunguza kidogo uso wa Bikira mwaka uliozaliwa. Padri akanipa rangi mimi, mfagiaji wa kanisa, niuchore upya. Mama yako alikuwa na wiki tatu kaburini. Uso mwingine sikuwa nao kichwani, mwanangu. Niliona haya kusema, halafu masizi yakamfunika. Nikasema moyoni, akisafishwa nitakuonyesha."

Nieves alikuwa amemwona mama yake siku nne nzima, na alichofanya ni kumcheka.

Akalipindua pipa la taka, akapiga magoti katikati ya mamia ya vijiti vya pamba, vyeusi, vya kahawia, vyekundu. Mzee akainama kwa shida, akaokota chekundu kimoja, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hili shavu," akasema, akamwekea mkononi.