Vijiko vya Chai Viwili

Treni ilikuwa imeshaanza kujikokota, na Dereva alikuwa akitembea sambamba na dirisha la behewa la tatu, gazeti mkono huu, kalamu mkono huu. Dirishani alikuwa mkewe, Nesi, ametoa kichwa nje, anamtajia mapishi ya keki kama anayemtajia mgonjwa dozi.

"Unga vikombe vitatu," alisema. "Andika, mzee, usinitazame mimi."

Dereva aliandika pembezoni mwa gazeti, juu ya matangazo ya viwanja. Kila hatua mbili neno moja, na kila alipovuta pumzi aliweka nukta. Sukari, siagi, mayai manne, baking poda, vijiko vya chai viwili, maziwa, vanila kidogo. Kisha treni ikashika kasi, naye akaishiwa na jukwaa. La mwisho alilolisikia ni kwamba asithubutu kupiga simu kuuliza.

Mambo yalikuwa hivi. Nesi alikuwa amestaafu wodi ya wazazi na Dereva amestaafu malori ya masafa marefu, na watu waliendelea kuwaita kwa kazi zao kana kwamba kesho wangeripoti. Binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na nyumba yake ilikuwa na chumba cha ziada. Alitaka wazazi wahamie kwake. Nesi alitaka. Dereva hakutaka, na sababu zake zilikuwa mbili, zote zinauza kahawa.

Sababu ya kwanza ilikuwa kwa Kimya, kibanda chenye mabenchi mawili nyuma ya mahakama. Kimya alichemsha kahawa kwenye birika la shaba na kutumia maneno kama kumi kwa siku, matano yakiwa "chukua." Hapo Dereva alikunywa vikombe viwili vidogo kila asubuhi, vichungu mpaka nyusi zinasimama, huku akiwasikiliza makarani wakisema kesi za watu. Sababu ya pili ilikuwa mkahawa wa vioo karibu na posta, wenye mashine inayopiga miluzi na msichana aliyeitwa Povu kwa jinsi alivyochora maua juu ya maziwa. Hapo alikaa alasiri, kiti cha dirishani. Dirisha lenyewe lilikuwa pana kama kioo cha lori, barabara ikipita mbele yake bila yeye kukanyaga mafuta.

Nesi hakuwahi kufika kwa Kimya wala kwa Povu. Alikuwa mtu wa chai, na miaka yote aliyajua majina hayo kwa kuyasikia tu. Lalamiko lake lilikuwa kwamba kwao pamekuwa nyumba ya wageni, mume anaingia kulala na asubuhi anarudisha ufunguo. Basi akaweka sharti. Angekwenda kwa binti wiki mbili, na Jumamosi ya kurudi ndiyo ingetimiza miaka arobaini ya ndoa yao. Akikuta keki ya sherehe ambayo mumewe kaioka mwenyewe, jikoni kwake, wanabaki. Akikuta ya dukani, au asikute kitu, wanafunga mizigo. Dereva alikuwa ameshaulizia kahawa ya mji wa binti. Ilikuwa ya unga wa kopo.

Kwa siku kumi alijiambia bado mapema. Siku ya kumi na moja alivaa miwani akaliweka gazeti mezani. Unga, sawa. Sukari, sawa. Halafu akafika hapa: *Baking poda. Vijiko vya chai viwili. Maziwa.*

Alisoma mara tatu. Baking poda ilikuwa na nukta yake, imesimama peke yake bila kipimo, kwa hiyo alielewa ni ya kukisia, kama chumvi. Kisha chai, vijiko viwili. Alishangaa kidogo, lakini yeye alikuwa mtu wa barabarani, alishakula vya ajabu zaidi ya keki yenye majani ya chai. Tatizo lilikuwa kwamba chai nyumbani haikuwepo. Nesi alikuwa ameondoka na kopo zima, maana chai ya binti yake alisema ni maji yaliyosuuzia vikombe.

Kununua chai hakuweza. Duka la jirani liliuza paketi kubwa tu, na makarani wa mahakamani walipita pale. Wangemwona Dereva na paketi ya chai kwapani, angetaniwa mpaka mazikoni.

Alasiri alimweleza Povu. Povu alisema keki ya chai hakuwahi kuisikia, lakini ya kahawa anaijua, na kwa nini babu ajitese. Akamchotea kijiko kimoja cha kahawa iliyosagwa laini, akakifunga kwenye kitambaa cha karatasi. Dereva alikuwa ameshafika mlangoni alipokumbuka kwamba Kimya akisikia keki ya arobaini imepikwa na kahawa ya mashine, hatamwambia hata "chukua." Kwa hiyo kijiko cha pili alikiomba kwa Kimya. Kimya alipima, akakiangalia, akaongeza kidogo.

Jumamosi alfajiri alitoa vilivyokuwa ndani ya oveni: sufuria nne, chujio, na kofia yake ya kazi aliyoitafuta mwaka mzima. Aliipiga siagi na sukari mpaka bega likaanza kulalamika. Aliweka baking poda kwa ncha ya vidole. Alitia kahawa, rojo likageuka rangi ya barabara ya lami, na jikoni pakanukia asubuhi ya kwa Kimya na alasiri ya kwa Povu kwa pamoja. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kioo cha oveni kama anayengoja kivuko kifunguliwe.

Keki haikupanda. Ilikaa chini, nyeusi, pana, kama mtu aliyekataa kuinuka kumpisha mgeni. Dereva aliigeuza kwenye sinia, akaimwagia sukari laini iliyokorogwa na maziwa, akaandika 40 kwa kijiko. Sifuri ilitiririka.

Saa nne Povu alipitia kabla ya zamu, akaitazama keki, akamtazama mzee, akaondoka. Baada ya robo saa alirudi na boksi. Ndani mlikuwa na keki nyeupe, ndefu, yenye maua.

"Babu, kwaruza haya maua, andika arobaini yako," alisema. "Atajuaje?"

Dereva aliitazama ile keki nyeupe muda mrefu kuliko inavyofaa kusimuliwa. Aliona dirisha pana, na birika la shaba. Hatimaye alifunga boksi. Alimwambia Povu kwamba yule mama alizalisha nusu ya mji huu, anamjua mtoto wa mtu kwa kumtazama.

Nesi alifika adhuhuri, akaweka begi chini, akaizunguka meza.

"Hii ni yako?"

"Ingekuwa ya dukani ingekuwa ndefu."

Alikata kipande, akatafuna, akaacha kutafuna. "Umetia nini humu?"

"Ulichosema. Vijiko viwili vya chai. Lakini chai umeondoka nayo, mama, nikatia kahawa."

Nesi aliomba gazeti. Alisoma, akafika kwenye nukta, akacheka mpaka akakalia begi lake. Alisema kijiko cha chai ni kijiko tu, kile kidogo, ni kipimo cha hiyo baking poda, na mtu aliyekoroga vinywaji miaka sitini angepaswa kukifahamu. Dereva alijibu kwamba yeye hukorogea kahawa.

Nesi alikata kipande cha pili bila kuombwa. Aliuliza kahawa ilitoka wapi, akaambiwa kijiko kimoja cha Kimya, kimoja cha Povu.

"Kumbe Povu ni mtu," alisema. "Mimi miaka yote najua ni mbwa."

Swali lilibaki kama hii ni keki au si keki, na Nesi alisema hawezi kuwa hakimu wa kesi yake mwenyewe. Wakaifunika sinia kwa taulo, wakaenda nyuma ya mahakama. Kimya alipokea kipande, akakichovya kwenye kikombe, akala chote. Watu wa mabenchini waliweka vikombe chini wakingoja.

"Shemeji," alisema Kimya, "kata kingine."

Nesi alisema basi, imepita.

Walibaki mji ule miaka mitatu. Nesi alichukua kiti cha dirishani kwa Povu na Dereva akahamia cha pembeni. Kibanda cha Kimya kiliondolewa mahakama ilipopanuliwa. Sasa mwenyewe anafuga kuku. Povu aliolewa na fundi wa mashine ya kahawa. Keki ya namna ile walijaribu kuiuza mkahawani kwa Povu mwezi mmoja, haikununulika. Mwaka wa nne goti la Dereva liligoma na wazee walihamia kwa binti. Nesi bado anakunywa chai. Dereva anakunywa ya kopo.