Iliki ya Mama

Dada mtu aligonga kopo la iliki kiganjani, likatoka vumbi tu. Mdogo wake alikuwa ameshafika, yuko sebuleni anavua viatu. Basi akavunja kijiti cha mdalasini, akakitumbukiza kwenye wali wa viungo wa mapishi ya marehemu mama yao, roho ikimsuta. Huyu ndugu hakumuuguza mama wala hakufika mazikoni, lakini wamebaki wawili tu waliolelewa kwa mapishi yale. Alitamani sana kupata mtu wa kumkumbuka mama pamoja naye.

Alipopakua alikuwa na samahani mdomoni. Kabla hajaitoa, mdogo wake alitia tonge, akafumba macho, chozi likamtoka.

“Mama huyu hapa, dada! Iliki yake hii!”

“Unaisikia?”

“Siisikii vipi! Hata ukinifunga kitambaa usoni naijua.”

“Na kama ni mdalasini?”

Akacheka huku akifuta pua. “Mama na mdalasini wapi na wapi? Umeshaanza kumsahau, we bibi kizee! Kumbe mimi niliyekuwa mbali ndiye ninayemkumbuka.”

Dada mtu aliinamia sahani yake.

Wakati wa kuaga, mdogo wake aliomba wali uliobaki, ili watoto wake nao waonje mkono wa bibi yao. Dada akaukomba wote, ukoko na kijiti humohumo, akamfungia.

“Wasalimie wanangu,” akasema.

Kisha akarudi jikoni, akafungua lile kopo tupu, akalinusa peke yake.