Mwonjaji wa Kande

Pale Itebe, kijiji cha mlimani kwenye njia ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, hakuna mzazi aliyekataa watoto wapewe chakula cha mchana shuleni. Kilichowatia wasiwasi ni kwamba chakula chenyewe kilikuwa cha bure. Mama wa afya alikuja kutoka bomani, akaeleza kwamba watoto wa darasa la kwanza wanasinzia saa sita kwa njaa na wala si kwa uvivu, na kwamba mtoto anayekula maharage na karanga hukua hata kichwani. Wazazi wakatikisa vichwa kwa huruma. Kisha sauti moja ya nyuma ikauliza, "Na sumu je?"

Basi mkutano uliokuwa wa maharage ukageuka wa sumu mpaka mvua ikawafukuza. Lakini kabla hawajatawanyika waliafikiana. Mahindi yatatoka shamba la shule, maharage na karanga vitatoka misheni, na sufuria itatoka kwa Mulji, mwenye duka wa Mbeya, aliyekuwa amewaozesha binti zake wote na hakuwa na kazi nayo tena. Ilikuwa sufuria ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeweza kuoga ndani yake. Mpishi atakuwa Tupokigwe, mke wa Yotamu, kwa kuwa kande zake zilijulikana. Na kila siku, kabla mtoto yeyote hajatia kitu mdomoni, mzee mmoja wa kuaminika ataonja.

Mzee wa kuaminika alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Andendekisye, mtu wa koti jeusi na kikohozi kinachosikika ng'ambo ya bonde. Wote walipiga makofi. Tupokigwe peke yake hakupiga, maana alikuwa amejificha nyuma ya ukuta wa darasa. Mzee Andendekisye alikuwa baba mkwe wake.

Na kwa Wanyakyusa jambo hilo halina mchezo. Mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake usoni, hamtaji jina, wala hasimami naye mahali pamoja. Wakikaribia kukutana njiani, mzee hukohoa, mwanamke hujitosa majanini, mzee hupita zake. Mchungaji alikwisha kuhubiri kwamba Mkristo hafungwi na desturi hiyo. Watu wote waliitikia amina, na ibada ilipokwisha wanawake wakakimbilia migombani, maana wakwe zao walikuwa wanatokea mlango wa pili.

Kwa hiyo kazi ikapangika hivi. Tupokigwe anapika. Kande zikiiva, Mwalimu Timotheo anabaki darasani na watoto, na kutoka njiani kinasikika kikohozi. Tupokigwe anaacha mwiko, anakimbilia migomba iliyo nyuma ya jiko. Mzee anaingia, anaonja, anatoka, anakohoa tena. Mwalimu husubiri kidogo aone kama mzee ataanguka. Asipoanguka, kengele inagongwa.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda vizuri, watoto wakashiba na wengine wakaanza kujua kuzidisha. Kisha chakula kikaanza kupungua. Darasa la nne, la tatu na la pili walipata, lakini wadogo wa darasa la kwanza, ambao kwa udogo wao walisukumwa mwisho wa mstari, walikuta mpishi anakwangua. Siku moja Saulo, mwanawe Tupokigwe wa mwisho, alipokea kijiko kimoja cha mchuzi na punje ambazo angeweza kuzipa majina. Alimtazama mama yake kama anayemtazama mtu asiyemjua. Tupokigwe hakulala vizuri.

Akaongeza mahindi, chakula hakikutosha. Akaongeza maji, watoto wakanung'unika. Hapo ndipo alipofanya lililokatazwa. Siku iliyofuata, kikohozi kilipolia, alikimbilia migombani kama kawaida, lakini mara hii alipenyeza jicho kati ya majani.

Mzee Andendekisye alikuwa ameketi juu ya kigogo, koti limefunguliwa vifungo. Alianza na kijiko. Akakiweka kando, akachukua upawa. Kisha kutoka ndani ya koti akatoa bakuli la mti, akalijaza, akafumba macho, akala. Akalijaza tena. Alionja kama mtu anayeamini kwamba sumu imejificha chini kabisa ya sufuria na hawezi kuwaacha wajukuu zake mpaka aifikie.

Tupokigwe alipandwa na hasira mpaka akang'oa jani zima la mgomba. Kisha, bila kuitwa, furaha nayo ikaingia, na hiyo ndiyo iliyomchanganya zaidi. Mama mkwe wake alipokuwa hai ndiye aliyebeba chakula kutoka jikoni kwa Tupokigwe kumpelekea mzee. Tangu bibi huyo afariki, Tupokigwe alikuwa akiwatuma watoto na bakuli jioni, na bakuli lilirudi na ujumbe uleule: mzee anasema asisumbuliwe, ana ndizi zake. Yotamu alikuwa mbali, kwenye machimbo ya dhahabu Chunya, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Tupokigwe alikwisha kuamini kwamba baba mkwe hapendi upishi wake. Kumbe mtu anafumba macho!

Lakini furaha haishibishi darasa la kwanza. Na angemwambia nani? Mwalimu Timotheo hakuwa na ubavu wa kumgusa mwenyekiti. Na Tupokigwe mwenyewe kumshtaki mzee ilikuwa sawa na kusema, "Nilimtazama baba mkwe wangu akila," na baada ya hapo hakuna mwanamke kijijini ambaye angeuliza habari za kande. Wote wangeuliza habari za macho yake.

Maneno yakatangulia. Damari, jirani yake, ambaye mwanawe naye alikuwa darasa la kwanza, alisema kisimani kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba nguo za Tupokigwe siku hizi zimekuwa pana. Siku chache baadaye mkutano ukaitishwa. Kama mwizi hatapatikana, sufuria itarudishwa kwa Mulji na watoto watarudia kusinzia. Mwenyekiti, kama kawaida, ni Mzee Andendekisye.

Tupokigwe aliketi pembeni kabisa, amejifunika shuka gubigubi, mgongo kwa mwenyekiti. Kwa kuwa hakuweza kusema mbele ya mkwe wake, ilimlazimu kumnong'oneza mtu mwingine aseme kwa niaba yake. Na aliyekuwa ameketi karibu naye, kwa kutaka kusikia vizuri, alikuwa Damari.

"Chakula kinaisha, watoto wadogo hawapati," akaanza Mwalimu Timotheo, macho chini. "Mpishi anasemaje?"

Shuka likanong'ona. Damari akasikiliza, uso ukamkunjamana.

"Anasema hajachukua hata punje."

"Endelea."

"Anasema..." Damari akalitazama shuka. "Anasema anayesema ameiba ni mwongo, na kwamba mtu huyo ana ulimi mrefu kuliko mkia wa ng'ombe."

"Mtu gani huyo?" akauliza mzee mmoja.

"Mimi," akasema Damari kwa uchungu.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwenyekiti hakucheka. Alikuwa anachunguza kifungo cha koti lake kana kwamba amekiona leo.

"Basi nani anakula?" Damari akamgeukia Tupokigwe kwa sauti ya kwake mwenyewe. "Sema, mama Saulo! Hapo jikoni mko wangapi?"

Tupokigwe akajivuta zaidi ndani ya shuka. Jina lilikuwa kwenye ulimi na ulimi ulikuwa umefungwa. Aliwaza Saulo na zile punje zake. Kisha akanong'ona maneno mafupi.

Damari akasubiri mengine, hayakuja. "Anasema kesho hatakimbia."

"Hatakimbia nini?" watu wakaulizana. "Mashtaka? Kazi?" Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mwenyekiti, ambaye alishikwa na kikohozi cha kweli na kuufunga mkutano.

Kesho yake wazazi walijaa uani tangu asubuhi, wengine wameacha mashamba. Kande ziliiva, harufu ya karanga za kutwanga ikapanda juu ya ukungu. Tupokigwe akaketi kando ya sufuria, akajifunika, akaupa mgongo mlango.

Njiani kikalia kikohozi.

Hakuinuka. Miguu yake, iliyozoea, ilitaka kwenda yenyewe, naye akaibana kwa mikono.

Kikohozi kikalia tena, kikubwa zaidi. Kikafuata cha tatu, chenye kuuliza. Mwalimu Timotheo akatoka mbio na kikombe cha maji.

"Mama Saulo, kimbia basi!" Damari akamnong'oneza, jasho linamtoka. "Mkweo yule! Anakuja!"

"Sikimbii. Nalinda sufuria ya watoto. Tumesema kuna mwizi."

Sasa desturi ina pande mbili, na upande wa pili husahaulika kwa kuwa hautumiki mara nyingi. Mwanamke asipoondoka, inabidi mwanamume aondoke. Mzee Andendekisye akafika kwenye uzio, koti limetuna upande mmoja kwa ajili ya bakuli, akaona mgongo wa mkwe wake, akageuka kama aliyekanyaga siafu. Huku wamejaa watu, kule kuna ukuta. Palibaki mahali pamoja tu pa kujificha. Mwenyekiti wa kamati ya shule akajitosa migombani.

Tupokigwe akasikia majani yakivunjika. Alijua mzee amesimama wapi. Amesimama palepale ambapo udongo umekwisha kushindiliwa na nyayo za Tupokigwe mwenyewe, na mbele ya macho yake, kati ya majani mawili, sufuria inaonekana yote, pamoja na kigogo, pamoja na mtu yeyote ambaye angekuwa ameketi juu ya kigogo akila. Tupokigwe akaona haya kwa niaba yake, akavuta shuka.

Mwishowe migomba ikasema, kwa sauti ya mkutanoni lakini iliyopungua nguvu: "Kamati imeamua. Tangu leo watoto watakula kwanza. Mwonjaji ataonja mwisho."

"Mwisho?" Damari akashangaa. "Na kama kuna sumu, baba?"

"Basi nitawafuata wajukuu zangu," ikajibu migomba. "Nitabaki kufanya nini?"

Kengele ikagongwa. Tupokigwe akagawa, na safari hii akaanza na darasa la kwanza. Saulo alikula mpaka akalazimika kuketi. La pili wakapata, la tatu, la nne, na upawa uliposhuka sufuriani ulikuta kande bado zipo. Damari alichungulia ndani. Akatazama sufuria, akatazama migomba, akatazama sufuria tena. Wazazi wengine wakaja kuchungulia mmoja mmoja, wakarudi kimya. Mambo mengine ukiyasema unayaharibu.

Waswahili wanasema mwenye njaa hana miiko. Hawakufika Itebe. Mzee yule alikuwa na njaa na miiko yake yote, na ndiyo maana alikonda tangu mkewe afariki, akiona aibu kula mkononi mwa watoto.

Tupokigwe akachukua bakuli, akalijaza mpaka juu, akampa Damari. Damari akalibeba kwa mikono miwili bila kusema kitu, jambo ambalo halikuwa limepata kuonekana. Akakawia. Aliporudi, bakuli lilikuwa tupu na safi.

"Anasema ndaga, asante," akasema Damari. "Anasema hakuonja vizuri. Anaomba aonje tena."

Chini ya shuka Tupokigwe akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Akalijaza bakuli. Kisha akamwambia Damari, kwa sauti ambayo migomba yenyewe ingeisikia:

"Mwambie hata chungu cha nyumbani kwangu hakina mwonjaji. Kila jioni kinaiva, na mimi naogopa sumu."

Damari hakuhitaji kupeleka ujumbe. Kutoka migombani kilisikika kikohozi kimoja, kidogo, cha mtu aliyekubali.