Somo la Kwanza la Dokta Hyacinthe

Barua tulizoandika kuomba daktari wa kuwapasua wajawazito zingetosha kuwashia moto wa chai mwaka mzima. Wa zamani aliikimbia vita. Mwaka 1997 ndipo tukaletewa Hyacinthe, kijana mpole aliyetoka chuo ambako walimu wenyewe walishatawanyika. Siku ya kwanza aliniambia ukweli, na kwa hilo nilimheshimu: hajawahi kumpasua mjamzito hata mmoja.

Mimi, Jamila, muuguzi wa hospitali ya hapa Rumonge, nilikuwa nikimpa visu yule daktari wa zamani kwa miaka kumi na moja. Nilijua pa kuanzia na pa kuishia. Lakini kwa sheria muuguzi hakati. Kila mwaka niliomba mafunzo, kila mwaka nikaambiwa nisubiri.

Jumanne asubuhi Lukeba, mkamua mawese wa Kizuka, akamleta mkewe Chanceline kwenye machela, naye Cibalonza, mama mzazi wa Chanceline, akifuata nyuma. Mtoto alikuwa amekaa kikingamo tangu jana, mkono umetangulia. Niliweka sikio tumboni. Moyo wa mtoto ulikuwa bado unapiga.

“Tumupeleke Bujumbura,” akasema Hyacinthe.

“Barabara imefungwa Gitaza, Dokta. Waasi wamechoma magari leo. Na ziwani wanajeshi hawaachi mutumbwi kupita.”

“Basi tungoje msafara wa saa sita, ule unaosindikizwa na wanajeshi.”

“Hatafika saa sita.”

Akanawa, akavaa glavu, akashika kisu, akakiweka chini. “Mama Jamila, wewe umeona mingi. Kata, mimi nitasaini.”

Nilikuwa na watoto wanne, na nilimjua muuguzi aliyefungwa kwa kosa dogo kuliko hilo. “Kata wewe, mimi nitakuonyesha,” nikamjibu.

“Nitamuua.”

“Na mimi watanifunga.”

Tukabishana hivyo kwa adabu zote, Dokta huku, Mama Jamila kule, na Chanceline anatusikia. Mpaka leo najichukia kwa adabu ile. Damu ilipoanza kutoka, ilitoka bila kusimama. Moyo wa mtoto ulinyamaza kwanza, kisha wa mama. Ilikuwa saa tano kasoro dakika chache.

Cibalonza hakulia. Alisimama mlangoni, akatuambia, “Kwetu Kivu hatuzike mutu na mutoto ndani. Mumutoe. Kila mutu iko na kaburi yake.”

Tukarudi chumbani. Sasa hapakuwa na wa kuuawa wala wa kufungwa. Nikaweka kidole chini ya kitovu cha Chanceline. “Anzia hapa, Dokta. Shuka taratibu.” Akakata bila kusita. Kila alipofika nilimwambia kinachofuata, naye akakifanya. Mtoto alitoka upesi, wa kike, mzito, kakamilika kila kiungo. Hyacinthe akashona vizuri, nami nikamkatia uzi.

“Ni hivyo tu?” akaniuliza.

“Ni hivyo tu,” nikasema, nikaenda kumwita Lukeba.