Picha ya Baba Iingie Boksi Gani

Kazi yangu ni kuwapanga watu wanaocheka. Nawe ukitaka kucheka, cheka, nimezoea. Kwetu Muthara, huko Tigania, wananiuliza, "Kathambi, hata hiyo ulisomea?" Nawajibu ndiyo, nilisomea, na mimi nalipwa, nyinyi mnacheka bure.

Ofisi yetu iko Meru mjini, juu ya duka la dawa za mifugo. Kampuni yenyewe iko ng'ambo, sisi ni mikono yake tu. Mtu akiweka picha mtandaoni na mwingine akailalamikia, inaletwa kwetu tuamue iingie boksi gani. Kuna boksi la mzaha, la matusi, la chuki ya kabila, la dawa za kulevya, na la utamaduni. Mzaha na utamaduni hubaki. Mengine yote huondolewa. Halafu mashine inajifunza kutoka kwetu: leo ukisema hii ni chuki, kesho inaziondoa yenyewe zote zinazofanana nayo, bila kuuliza mtu.

Mwaka huu wakubwa walituongezea kazi. Walikuwa wamechoka kuona picha ile ile ikiwa mzaha Meru na tusi mahali pengine. Wakasema, tuandikieni makundi ya huko kwenu: kila kundi ni nani, linacheka nini, linamcheka nani. Wenzangu walinuna. Mimi nilifurahi kama mtoto wa Krismasi, kwa sababu hiyo kazi nimekuwa nikiifanya kichwani tangu nipate simu.

Niliandika juu ya kina mama wa maua. Hao huamka kabla ya jogoo wakakutumia waridi lenye umande na mstari wa Zaburi, na usipojibu Amina wanakuombea kwa jina mbele ya grupu nzima. Niliandika juu ya wakulima wa simu, wanaoishi Nairobi na kulima vitunguu kwa WhatsApp, ambao meme zao zote ni za mtu anayelia katikati ya shamba. Watu wa waru, yaani viazi, wa Kibirichia wao wana adui mmoja, dalali, na kila picha ya fisi utakayoiona kwao ni yeye. Vijana wa giza ni wetu wa Tigania. Wanaitwa kwa jina la miraa wanayoipenda, na mzaha wao wote ni juu ya usingizi uliokataa kuja. Upande wa pili wako wana-muguka wa Embu, wanaotafuna majani badala ya vijiti, wanaosema miraa yetu ni kuni. Hawa wawili wanavyotukanana, mgeni atadhani kesho kuna vita. Kumbe wakikutana sokoni wanakunywa chai meza moja. Hapo niliandika: "Wanatukanana kwa sababu wanajuana."

Muchangi, msimamizi wetu, ambaye ni mtu wa Embu, aliisoma akaitikia kwa kichwa. "Hapo umesema, madam." Siku hiyo nilitembea Meru mjini nikijiona profesa.

Basi ndipo Baba akawa meme.

Ni hivi. Mdogo wangu Winrose ni mwalimu, na alipendana na mwalimu mwenzake, Njuki, kijana wa Mbeere kule chini Embu kwenye joto. Kwetu Tigania mtu haendi kuomba msichana na mdomo mtupu. Mkono mtupu haulambwi. Analeta ncoolo, miraa ya kuchaguliwa, vijiti vyekundu laini, vimefungwa kwa majani ya ndizi na mtu anayejua kufunga. Baba wa msichana akiifungua mbele ya wazee, amekubali kusikiliza. Hata waliookoka wasiotafuna huipokea, maana si ya kutafuna tu.

Njuki alimweleza mjomba wake, Mzee Nyamu, aliyemlea baada ya babake kufariki. Mzee Nyamu akauliza ncoolo ni kitu gani. Akaambiwa ni miraa nzuri, imefungwa kwa majani ya ndizi. Sasa mtu wa Mbeere mwenye shamba lake mwenyewe, aende akanunue mazao ya watu wengine apelekee wakwe? Aibu gani hiyo! Akashuka shambani kwake, akachuma muguka wa kwanza wa asubuhi, akaufunga kwa majani ya ndizi vizuri sana, akavaa koti, akaja nao hadi Muthara.

Wewe ambaye si wa huku labda huoni kosa liko wapi. Muguka ni majani matupu, miraa ni vijiti. Huko kwao muguka umesomesha watoto, umejenga makanisa. Kwetu sisi, tukisema ukweli, muguka ni kitu cha kutiwa kwenye mfuko wa plastiki na mtu asiye na la kufanya. Baba alipokea ule mzigo kwa mikono miwili, akaufungua mbele ya wazee, akanusa. Uso wake! Macho yalipanda, mdomo ukashuka, pua ikabaki katikati haijui imfuate nani. Na binamu yetu mmoja, shetani huyo, akapiga picha.

"Chukueni vitu vyenu," Baba akasema, akatoka nje. Wageni wakarudi Embu bila kuonja hata chai. Mama alilia kuliko Winrose.

Picha ilienea kabla hata vyombo havijaoshwa. Na mimi, ole wangu, niliiona ikipita kwenye makundi yangu yote, moja baada ya jingine, kama nilivyoyaandika. Kina mama wa maua: "Mahubiri yakifika kwa dhambi yako." Watu wa waru: "Dalali akisema hiyo ndiyo bei ya mwisho." Vijana wa giza: "Muguka ukigusa pua ya mtu wa heshima." Wana-muguka hawakukubali: "Mzee amenusa kitu chenye nguvu kuliko yeye." Nakiri kuna moja ilinichekesha. Nilicheka chooni, peke yangu, halafu nikasikia vibaya.

Baba hakucheka. Yeye, Muthamia wa Muthara, ambaye watu humwita kuamua kesi za mipaka, alienda sokoni na vijana wa boda boda wakamfanyia ule uso. Akaacha kwenda sokoni. Jumapili iliyofuata akaacha kwenda kanisani. Kisha akatangaza: mtu wa Embu asikanyage boma lake tena, na Winrose atafute mwingine.

Winrose alinipigia simu sauti imekauka. "Kathambi, wewe ndiye uko na hiyo kompyuta. Itoe. Baba hatawahi kubadilisha nia kama watu bado wanamcheka. Mimi siwezi kuolewa na mtu mwingine. Sitaki kusikia habari ya mwingine."

"Si kompyuta yangu," nilimwambia. Lakini siku hiyo hiyo picha ikaletwa mezani kwangu. Mtu fulani alikuwa ameilalamikia.

Nilimwita Muchangi. "Huyu ni baba yangu."

Aliitazama akaziba mdomo. "Ai! Huyu ni mzazi wako? Haki pole." Halafu akasema, "Basi niachie niiamue mimi."

"Wewe, mtu wa Embu?"

Tukacheka, kisha tukaacha kucheka. Alijua kuwa maneno mengi chini ya picha yalikuwa ya Kimeru na hapo ofisini Mmeru ni mimi peke yangu. "Tutaweka sahihi wawili," akasema. "Lakini useme wewe ni kitu gani. Nakungojea mpaka Jumatatu."

Nilikaa nikaikodolea macho. Nikiiita mzaha, inabaki. Chuki ya kabila si hiyo, mimi mwenyewe nimeshaandika kwamba hawa wanajuana. Matusi hakuna. Lilibaki boksi moja tu la kuiondoa, dawa za kulevya. Kubonyeza mara moja, na Baba anarudi sokoni, na Winrose anapata mume wake. Mkono ulikuwa tayari. Sijui ni nini kilinizuia. Labda ni kwamba nilitaka mtu mwingine aseme.

Jumapili nikaenda nyumbani. Baba alikuwa nyuma ya boma akikatia ng'ombe majani. Winrose alikuwa mlangoni pa jikoni na sinia ya maharagwe, anajifanya anachambua.

"Baba, ile picha naweza kuitoa."

Akaacha panga. "Lini?"

"Kesho asubuhi."

"Mungu akubariki, mwana wangu. Mbona umeninyamazia siku zote hizi?"

"Kwa sababu ni lazima niseme ni picha ya nini. Nikisema ni mzaha, haitoki. Nikisema ni dawa za kulevya, inatoka."

"Dawa gani?"

"Hiyo uliyoshika mkononi."

"Ile takataka ya Mbeere? Sema! Sema hata ni sumu ya panya!"

"Baba, mashine haijui muguka wala miraa. Inaona mzee ameshika kitu kimefungwa kwa majani ya ndizi. Nikisema hiyo ni dawa za kulevya, itakuwa inaondoa kila ncoolo ya kila mtu. Kijana wa hapa akipeleka yake kwa wakwe na kuweka picha, ataambiwa anauza dawa."

Baba aliketi juu ya gogo. Akaanza kukwaruza tope kwenye gamubuti zake. "Ncoolo ni dawa za kulevya," akasema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kisichomtosha. Kisha akasema, "Nilipoenda kwa kina mama yako, baba yangu ndiye aliyeifunga. Hakutaka hata nimshikie kamba."

Akainua macho.

"Na hilo boksi jingine, la utamaduni. Hilo linataka nini?"

Nalijua kwa kichwa, maana ni mimi niliyeliandika upya kwa Kiswahili. "Kitu ambacho watu wanakifanya kwa heshima, kwa njia waliyofundishwa na wazee wao, ili wengine wajue wameheshimiwa."

"Na picha inabaki."

"Inabaki. Na watu watacheka. Sitakudanganya."

Alitikisa kichwa. "Haiwezi kuingia hapo. Ile haikuwa ncoolo."

Hapo hasira zikanipanda. Mimi nina ulimi mbaya, kila mtu anajua, lakini kwa Baba huwa naufunga. Siku hiyo ulifunguka. "Kwani ilikuwa nini, Baba? Mzee Nyamu alitoka Mbeere yote ile kuja kukudharau? Amevaa koti la sufu kwenye lile joto la kwao? Angesimama hapo sokoni Muthara akanunua ya mtu asiyemjua, ungeipokea, ungeitafuna, ungemsifu! Alikuletea kitu cha mkono wake, ukamfukuza bila chai!"

Ng'ombe aliacha kutafuna. Mimi mwenyewe nilishtuka. Nilingoja Baba aniambie nirudi Meru nilikotoka.

Hakuniambia. Aligeuka akamtazama Winrose. "Aliuchuma mwenyewe, huyo mzee?"

"Mwenyewe, Baba," Winrose akajibu. "Njuki alitaka kumsaidia, akakatazwa. Alimwambia, hii ni kazi ya mzazi."

Baba aliangalia mikono yake. Sijawahi kumwona akiiangalia hivyo, kama imefanya kitu bila kumwambia.

"Andika ni ncoolo," akasema.

"Baba, ukisema hivyo haitatoka kamwe. Watakufanyia ule uso mpaka uzeeke."

"Nishazeeka. Andika."

Nilidhani mambo yameishia hapo, na moyo wangu ulikuwa mzito, kwa sababu sikuona Winrose amepata nini. Makundi yote nimeyapanga, maelezo yote nimeyaandika, na bado sikuona. Ni yeye aliyeona. Aliweka sinia chini, sauti yake ikawa ndogo sana.

"Baba, kama ilikuwa ncoolo, wewe uliifungua. Mbele ya wazee."

Baba alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha mkono. "Lete simu. Nitafutie huyo mzee."

Winrose alibonyeza akikosea, akabonyeza tena. Baba hajui Kimbeere na Mzee Nyamu hajui Kimeru, kwa hivyo waliongea Kiswahili, kile Kiswahili cha wazee wawili ambao shule waliiacha mapema. Simu ilikuwa na sauti kubwa, tukasikia kila kitu.

"Mzee Nyamu? Ni Muthamia. Wa Muthara."

Mbuzi walilia huko Mbeere. "Ndiyo, nasikia."

"Nilikufukuza na njaa kwangu. Hiyo ilikuwa makosa. Yangu, si yako."

"Hata mimi nilikosea," Mzee Nyamu akasema. "Kijana ameniambia vile kwenu hufanywa. Sikujua. Nimekuwa na aibu hata ya kupita barabarani, watu wanasema mimi ndio nilifanya hiyo uso yako." Akakohoa. "Nikikuja tena, nitanunua ile ya huko kwenu. Niambie ni kwa nani nzuri."

Baba alifunga macho. Winrose alikuwa amenishika mkono, ananiumiza.

"Usinunue ya mtu," Baba akasema. "Lete ile ya shamba lako."