Swala Lilibaki Mapera

Hyasinti alikuwa uvunguni mwa gari lake akikaza nati, bodaboda ikasimama uani. Akashuka binti asiyemjua, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo baba. Naitwa Violet. Nilikuwa fundi wa breki kiwandani, kwenye Swala."

"Marahaba. Mbona unasema ulikuwa?"

"Kimekufa, baba. Geti limepigwa kufuli, mitambo imeuzwa chuma chakavu."

Hyasinti akatoka uvunguni taratibu. Swala ndilo gari ambalo nchi ilijiundia yenyewe, na katika kijiji kizima cha Mapera alilinunua yeye tu. Siku alipolileta aliapa kwenye sengu, pale ukoo unapokula pamoja, kwamba hatapanda tena gari la wageni. Tangu hapo jirani yake Methodi, mwenye pikapu kuukuu ya Kijapani, hakumwacha apumue kwa utani.

"Umetoka huko kote kunipa pole?"

"Nimekuja kukuomba. Breki za toleo hili hukatika kwenye mteremko mrefu. Tuligundua kiwanda kikiwa taabani, na hakubaki mtu wa kuwaambia wenye magari, ndipo nikachukua daftari la wanunuzi niwafuate mwenyewe. Niahidi hutaliteremsha mlimani."

"Kesho nampeleka mama mkwe Mbaha, kule chini ziwani. Dada yake yu hoi. Nimempa neno langu, na kiti chake nimekichomelea kule nyuma, maana mtu na mkwewe hawakai bega kwa bega."

Violet akasogea kwenye gari. Alipapasa boneti kama shavu la mtoto mwenye homa, machozi yakamlengalenga. "Mengine yote tuliyafanya vizuri, baba," akasema.

Hapo Hyasinti akaona kuwa msiba ule ni wa wote wawili. "Halitateremka, mwanangu. Karibu ndani, ule kwanza."

Jioni akakatiza mashamba ya ngoro, akikwepa mashimo yaliyozungukwa na matuta ya mahindi, hadi kwa Methodi.

"Kesho unakwenda ziwani kufuata dagaa wa usipa?"

"Nakwenda. Kwani Swala lako limevimbiwa?"

"Naomba nafasi mbili. Mimi na mama mkwe."

Methodi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamtazama mwenzake vizuri, akainuka.

"Mama atakaa mbele na mimi. Wewe nyuma, na matenga."

"Huko huko ndiko kwangu."

Asubuhi Methodi alishindwa kujizuia, akapiga honi kila nyumba. Watu wakatoka na vikombe vya chai mkononi kumwona Hyasinti kasimama kwenye gari la Kijapani, kati ya matenga yanayonuka samaki.

"Baba Swala, safari njema!" wakampigia kelele. Akawapungia mkono.

Barabara ikashuka, kona juu ya kona, mpaka ziwa likafunguka chini yao. Kupitia kidirisha cha nyuma cha kabini, Hyasinti aliona kilemba cha mama mkwe kikigeuka kuyafuata maji.

Walipofika Mbaha, Hyasinti aliruka chini, mweupe kwa vumbi, akatwaa mzigo wa mama. Akamwacha atangulie hatua kadhaa, kama ilivyo adabu, akamfuata hadi mlangoni. Ndani, yule dada mgonjwa aliinua kichwa mkekani: walikuwa wamewahi.